Faili la ufafanuzi likiwa pungufu: uanze kujifunza na RomRaider, TunerPro au Speeduino?

Umesoma romu ya Subaru yako, yaani programu na namba zilizo ndani ya ECU (kompyuta ya injini), umeifungua kwenye RomRaider, programu ya kutazama na kubadilisha namba hizo, na upande wa kushoto wa skrini yametokea majedwali 9. Mtu aliye Marekani, mwenye Subaru ya umbo hilohilo, akifungua yake anaona zaidi ya 100. Kwako taimingi ya msingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ipo, na kikomo cha mizunguko kipo. Jedwali la mafuta halipo. La busti (shinikizo la turbo) halipo. La sensa ya hewa lipo, ila ukilifungua linadai kwamba kwenye volti 1 injini inavuta gramu 4,000 za hewa kwa sekunde.

Tatizo hili linatupata sisi zaidi, na sababu yake inaeleweka. Faili la ufafanuzi haliko ndani ya gari. Ni faili la XML ambalo mtu ameketi akaliandika: katika romu hii, kuanzia anwani fulani, kuna jedwali la safu kadhaa, kila namba ina baiti 1 au 2, ukitaka digrii, zidisha kwa hiki kisha utoe kile. Kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea, romu moja moja, na wengi wao walikuwa na magari yaliyouzwa Marekani, Ulaya na Australia. Magari yetu hushuka Mombasa yakitoka Japani, na ECU zake zina namba za kalibresheni (utambulisho wa toleo la romu) za soko la Japani. Hata pale injini ilipo ileile na bolti zilezile, ndani ya romu anwani zimesogea.

Mimi nimejifunzia Nakuru, jioni baada ya kazi, kwenye Legacy BP5 ya turbo. Baadaye nilimsaidia binamu yangu wa Kisumu kuweka Speeduino, ECU ya kujiundia, kwenye Corolla ya miaka ya tisini. TunerPro, programu nyingine ya kufungua romu, nimeitumia kama daftari zaidi kuliko chombo cha kazi, na nitaipitia haraka.

Namba zipo huzioni, au unaziona lakini hazipo

ECU ya kiwandani ina namba kamili. Wahandisi wake walishapima asubuhi ya baridi, jua kali, mlima, petroli mbovu na injini iliyochoka. Unachokosa wewe ni njia ya kuziona namba hizo. Speeduino ni kinyume chake. Faili lake la INI, linalosomwa na programu ya TunerStudio kwenye laptopu, linataja kila kilichomo, kwa kuwa walioandika programu ndio walioandika na faili. Hakuna jedwali lililojificha. Lakini jedwali lake la mafuta lenye safu 16 kwa 16 haliijui injini yako, na vyumba vyote 256 ni juu yako kuvijaza.

Anayeanza husikia hivyo akaona Speeduino ndiyo nyepesi, kwa sababu kila kitu kiko wazi. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Kabla ya kuhesabu majedwali, uliza ni yapi yanayokosekana, kwa sababu jedwali usiloliona halijalala. Linaendelea kufanya kazi kila sekunde injini inapozunguka, na linaweza kuyageuza matokeo ya lile uliloligusa.

Hili nililijua barabarani. Nilikuwa nimelipata jedwali la busti lengwa la Legacy, nikalihakikisha, nikapandisha namba kidogo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 81. Nilirekodi wiki mbili kwenye barabara ya Njoro, kila kitu kikawa shwari. Kisha nikasafiri kwenda Kisumu. Nikapanda Mau Summit, nikapita Kericho, nikateremka, na nilipofika tambarare ya Ahero, nikakanyaga ili nipite trekta la miwa. Gari likakata mafuta ghafla, kama mtu aliyezima swichi. Likashtuka, likashika, likakata tena, nami niko upande wa magari yanayokuja.

Kisumu iko mita 1,130 hivi, na hewa ya kule ni kama kilopaskali 88. Ndani ya romu ya Legacy kuna jedwali jingine linalopunguza busti lengwa kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ili turbo isizungushwe kupita kiasi milimani. Kwenye faili langu la ufafanuzi halikuwemo. Nakuru lilikuwa likipunguza busti bila mimi kujua, na niliposhuka likapunguza kidogo tu. Busti ikapanda hadi ikagusa kikomo ambacho ECU hukata mafuta ili kuilinda injini. Kikomo hicho nacho sikuwa nikikiona, na kwa sababu hiyo sikuwa nimekigusa. Kilibaki pale kilipowekwa na kiwanda, na pistoni zangu zikabaki nzima.

Tangu siku hiyo nayapanga majedwali kwa familia. Busti ina lengwa, fidia ya hewa, kazi ya valvu ya turbo na kikomo cha kukata mafuta. Kama huna yote manne, usiguse hata moja. Taimingi ya Subaru ina sehemu mbili: ya msingi, na ile ya kuongezwa ECU inaporidhika kwamba injini haigongi, yaani mafuta hayalipuki ovyo ndani ya silinda. Anayeiona ya msingi peke yake anaona sehemu tu ya digrii zinazofika kwenye plagi. Mafuta ni jedwali la mzigo mkubwa pamoja na ukubwa wa injekta na kipimo cha sensa ya hewa. Kwa familia hii unaweza kuanza na kipimo cha sensa pekee, mradi uwe na waidibendi, sensa ya ekzosi inayopima uwiano wa hewa na mafuta.

RomRaider na EcuFlash

Zote mbili ni za bure. RomRaider iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadilisha, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayotaja Enginuity, ni programu hiihii kwa jina lake la kwanza. EcuFlash ni ya Tactrix, na ndiyo inayosoma na kuandika romu kupitia kebo ya Openport 2.0. Kila moja ina mafaili yake ya ufafanuzi kwa mpangilio wake, kwa hiyo jedwali uliloliongeza upande mmoja halitokei upande wa pili mpaka uliandike huko pia. Watu hupoteza siku nzima hapo wakidhani wamekosea anwani.

Kinachonifanya niipende njia hii kwa mwanafunzi ni kurekodi. RomRaider hutumia faili tofauti kabisa kwa kurekodi, na vipimo vya kawaida havitegemei majedwali: ECU yenyewe ikiulizwa hujibu ni vipi inavyoweza kutoa. Hata kama romu yako haina ufafanuzi wowote, siku ya kwanza unaweza kuona mizunguko, joto la maji, hewa, marekebisho ya mafuta na marekebisho ya kugonga. Kwa Subaru za zamani zinazozungumza kwa waya wa mawasiliano uitwao K, kebo ya bei nafuu ya aina ya KKL inatosha kurekodi. Vichache vya muhimu, kama kizidisho cha taimingi kinachoitwa IAM, hutegemea namba ya ECU na huenda usivione mwanzoni.

Rekodi mwezi mzima kabla ya kuandika chochote. Petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo injini hizi za turbo zilipangiwa, kiwango chake cha chini ni RON 96. Super ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Usishangae basi ukikuta gari ambalo halijaguswa na mtu linarudisha taimingi nyuma digrii 2 au 3 kila unapopanda mlima na gia ya juu. Hilo ni jambo kubwa kulijua kuhusu gari lako, na umelijua bila jedwali hata moja. Mafundi wengi wangekuuzia plagi mpya.

Sasa tuje kwenye kulijaza faili lenyewe, maana hapa ndipo njia hii inapofundisha kuliko nyingine zote.

Romu ya chipu ya SH7058 ni megabaiti 1. Ya SH7055 ni nusu yake. Ifungue kwenye kihariri cha heksi (namba za msingi wa 16), utafute 44 48 00 00 44 96 00 00 44 C8 00 00. Hizo ni 800, 1,200 na 1,600, zilizoandikwa kama namba za desimali za biti 32, baiti nzito ikitangulia. Ukizikuta zimefuatana, uko kwenye mhimili wa mizunguko wa jedwali fulani. Mihimili ya magari haifanani, kwa hiyo 800 zisipotoka jaribu hatua nyingine. Andika anwani mhimili unapoanzia, kisha itafute anwani hiyo yenyewe ndani ya romu kama baiti 4. Utaipata kwenye kipande kidogo kinachoeleza mhimili huu una hatua ngapi, ule mwingine ngapi, kila mmoja uko wapi, na namba za jedwali zinaanzia wapi.

Hapo bado hujui ni jedwali la nini. Chukua baiti moja ya katikati. Tuseme ni 80 kwa heksi, yaani 128. Fomula ya taimingi ya Subaru za biti 32 ni kuzidisha kwa 0.3515625 na kutoa 20: inakuja 45, toa 20, digrii 25. Inaingia akilini kwa mzigo mwepesi. Jaribu fomula ya mafuta ya mzigo mkubwa, 14.7 kugawa kwa 1 ukiongeza 128 mara 0.0078125: inatoka 7.35. Hakuna kiwanda kinachopanga injini ya petroli kwenye uwiano huo. Basi hilo si jedwali la mafuta. Ukifanya hivi mara ishirini unaanza kulitambua jedwali kwa umbo lake kabla ya kupiga hesabu.

Msaada mkubwa ni kupata romu ya jirani, yenye namba ya kalibresheni inayokaribiana na yako na ufafanuzi uliokamilika, ukazifungua zote mbili bega kwa bega. Lakini usinakili anwani zake moja kwa moja. Jedwali lililosogea baiti 2 bado lina umbo la mlima na bado lina namba za kuaminika. Mtu hulitazama akaridhika. Tazama kingo. Kama safu ya mwisho inaruka ghafla kutoka digrii 12 hadi 38, hiyo 38 ni ya mwanzo wa mstari unaofuata, na anwani yako si sahihi. Kosa hili ndilo ninaloliogopa kuliko kukosa jedwali kabisa, kwa sababu aliyekosa jedwali hana cha kubadilisha.

Wenye subira huongeza Ghidra, chombo cha bure kilichotolewa na shirika la usalama la Marekani, NSA, mwaka 2019. Kinaielewa familia ya chipu za SuperH na kitakuonyesha ni sehemu gani ya programu inayolisoma jedwali lako. Huo ni uthibitisho wenye nguvu kuliko umbo, ila ni masomo ya miezi.

Mambo mawili kabla ya kuandika romu. Kwanza cheksamu. ECU hujumlisha baiti zake kuhakikisha hazijaharibika, na ufafanuzi ndio unaoiambia programu pa kusahihisha jumla hiyo. Ufafanuzi pungufu mara nyingi umekosa kipengele hiki hasa, nawe ukibadilisha namba moja gari linaweza kukuwashia taa ya injini na kosa la P0605. Pili, umeme. Funga chaja kwenye betri ya gari, hakikisha laptopu ina chaji yake kamili ili stima ikipotea kazi isikatike, na usiandike kwa kebo ya nakala usiyoijua historia yake. Romu ya asili uliyoisoma siku ya kwanza iwe imehifadhiwa mahali pawili.

TunerPro na WinOLS

TunerPro imetengenezwa ikijua kwamba utaandika ufafanuzi mwenyewe. Unaingiza anwani, mistari, safu na fomula, na jedwali linatokea papo hapo. Umekosea, unasogeza anwani na kutazama tena. Kwa kujifunza maana ya ufafanuzi haina mpinzani. Shida ni kwamba mafaili yake mengi ni ya GM, Ford, Honda za OBD1 na BMW za zamani, na kati ya Nakuru na Busia magari hayo ni ya kuhesabu. Pia kwa magari mengi haisomi wala kuandika ECU yenyewe; unahitaji chombo kingine.

WinOLS ya kampuni ya EVC ya Ujerumani huchora romu nzima kama mistari, na ramani huonekana kama meno ya msumeno. Ni ya wanaofanya biashara ya kutuni, hasa magari ya Bosch, na bei yake ni ya biashara. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwenye flashi gerejini sizishauri: laptopu inayoshika ECU ya mtu haifai kuwa na programu ambayo hujui nani aliifungua.

Speeduino

Corolla ya binamu yangu ina injini ya 4A-FE. ECU yake haikutengenezwa kuandikwa upya kwa kebo. Hakuna romu ya kupakia wala faili la ufafanuzi la kutafuta. Kwa magari ya namna hiyo, ambayo Kisumu na Kakamega bado ni mengi, Speeduino ndiyo njia ya kujifunzia iliyopo: bodi inayobeba Arduino Mega 2560, sensa ya shinikizo, na TunerStudio kwenye laptopu.

Unajifunza vitu ambavyo RomRaider haitakulazimisha kuvijua. Unapima injekta kwa mita. Ukipata kati ya oms 12 na 16 unaziunganisha moja kwa moja. Unaifundisha bodi kuyasoma meno ndani ya distribyuta. Unathibitisha kwa taa ya taimingi kwamba digrii 10 kwenye skrini ni digrii 10 kwenye puli. Sisi tulichukua Jumamosi tatu kabla injini haijashika, na furaha ya siku ile sijaisahau. Bila waidibendi, hata hivyo, usianze. Vile vyumba 256 haviwezi kujazwa kwa kunusa moshi.

Binamu aliniuliza swali la maana kuliko yote: "Sasa kaka, ikikataa Jumatatu asubuhi nitafikaje kazini?" Tulichofanya ni kutokata waya hata mmoja. Tulitengeneza kiunganishi cha kati kutoka kwa ECU iliyokufa, na ile ya asili ikabaki chini ya kiti. Kurudisha ni dakika kumi.

Mipaka yake ijue mapema. Haiendeshi throtli ya umeme. Haina usikilizaji wa kugonga kama wa ECU ya kiwandani, kwa hiyo kwa injini ya turbo makosa yako hayana wa kuyasamehe. Gari lenye giaboksi ya otomatiki inayozungumza na ECU litakuletea kazi nyingine nzima.

Na milima inaigusa pia, kwa njia yake. Kama hukuweka sensa ya pili ya hewa ya nje, Speeduino hupima hewa kwa sensa yake ya shinikizo kabla injini haijawaka, kisha hushikilia namba hiyo safari nzima. Ukiwasha Nakuru na kuendesha mpaka Kisumu bila kuzima, inaamini bado uko Nakuru. Ukiwa unatumia hesabu ya shinikizo la manifoldi, tofauti ni ndogo. Ukiwa umeipanga kwa uwazi wa throtli pekee, utafika Ahero injini ikipata mafuta pungufu kwa kama asilimia 8. Zima na uwashe tena ukishateremka, au nunua sensa ya pili.

Kwa gari lako

Kama una Subaru ya turbo unayoitegemea kila siku na ufafanuzi wake ni nusu, chukua RomRaider, rekodi, jifunze heksi jioni, na uiache busti kabisa mpaka familia yake yote iwe mezani. Speeduino kwenye gari hilo nisingeishauri kwa anayejifunza. Kama una gari la zamani lenye throtli inayovutwa kwa kebo ya pedali, na una usafiri mwingine, Speeduino itakupa msingi mpana zaidi, na ukirudi kwenye romu za kiwandani utaelewa kila jedwali linafanya nini. Kama romu yako haina ufafanuzi hata mmoja wala jirani, anza kwa kurekodi tu, na fanya mazoezi ya kutafuta majedwali kwenye romu nyingine yenye ufafanuzi kamili ukiwa umeufunga. Unapata majibu ya kujisahihisha nayo. Kwa fedha, Speeduino huonekana rahisi mpaka uongeze waidibendi, sensa na waya. Openport ya asili inauma siku moja tu.

Lile jedwali la fidia ya hewa la Legacy nililipata baada ya miezi minne. ECU hiyo huhesabu shinikizo kwa milimita za zebaki, na usawa wa bahari ni 760, kwa heksi 44 3E 00 00. Nilitafuta mihimili mifupi inayoishia hapo, nikakuta kadhaa, nikafuata anwani moja baada ya nyingine mpaka kwenye jedwali la mstari mmoja tu. Nakuru ni kama 608 kwenye mhimili ule, Kisumu 660, na kati ya namba hizo mbili jedwali lilikuwa limepanda hatua nzima. Nililiandika kwenye faili langu, nikarudisha busti ya kiwandani, nikaanza kurekodi upya kutoka Njoro mpaka Ahero.